Kata ya Kurudishia Samaki

Mama mkwe wangu ana kata ya kifuu cha nazi. Mpini wake umeshabadilishwa mara mbili, na kifuu chenyewe kimekuwa cheusi na laini kwa kushikwa. Ilitoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, mwaka ule wa mapinduzi, watu walipoondoka na walichoweza kubeba. Wengine walibeba dhahabu, husema mwenyewe, na wengine hati za nyumba ambazo hazikuwafaa kitu. Yeye mama yake alimtilia kata ya kuchotea maji mtungini, kwa sababu alisikia kwamba Arabuni hakuna minazi. Kata hiyo nimeirithi mimi naye angali hai, na hapa nataka kueleza jinsi nilivyokaribia kuiaibisha.

Mimi ni wa bara. Nimezaliwa Mwanza, nikaletwa Oman nikiwa msichana, nikakaa Nizwa kwa kaka zangu mpaka nilipoolewa huku Samad Ash Shan. Hasira zangu ziko karibu na mdomo wangu hauna mlango, haya yote kijiji kizima kinayajua, kwa hiyo sina sababu ya kujipamba.

Siku ya kwanza niliyomwona akiitumia ile kata nilikuwa bi harusi wa wiki mbili. Nyuma ya nyumba yetu inapita falaji, mfereji unaochukua maji kutoka kwenye dimbwi la wadi, bonde la mto wa msimu, huko juu chini ya mlima, ukayashusha hadi mashambani. Maji si ya mtu mmoja. Kila familia ina zamu yake, na zamu hurithiwa kama nyumba inavyorithiwa. Ikifika zamu yako unaondoa jiwe na matambara yaliyoziba mlango wa shamba lako, maji yanaingia kwenye majaruba ya mitende. Muda wako ukiisha unaziba, na jirani anafungua kwake. Mama mkwe alikuwa na zamu yake mwenyewe, aliyoachiwa na babake, maji aliyoyarithi akiwa Unguja kabla hajapata kuyaona.

Siku hiyo alikuwa ameshaziba. Majaruba yalikuwa yanakunywa taratibu, naye anakwenda kutoka mtende hadi mtende, kanga kaifunga kiunoni, ameinama, anachota. Nikachungulia ndani ya kata. Mlikuwa na samaki wawili wa urefu wa kidole, rangi ya mchanga, mdomo uko chini ya kichwa kama wa mtoto aliyenuna. Sasa mimi nimekulia ziwani. Kwetu samaki akishaingia kwenye chombo, safari yake inajulikana. Nikamuuliza kwa adabu zote, "Mama, hawa dagaa tunawakaanga au tunawaanika?"

Alinitazama. Kisha akakaa kitako kwenye ukingo wa falaji, akacheka mpaka kata ikamwagika, na wale samaki ikabidi awaokote upya. "Nyie watu wa bara," akasema, "mkiona kiumbe mnaona mchuzi." Akawarudisha falajini mmoja mmoja, chubwi, chubwi, na kwa kila mmoja akasema alhamdulillahi. Akanieleza kwamba hawa huteremka na maji, huingia mlangoni bila kujua, na maji yakinywewa na ardhi hubaki wanahema kwenye matope. "Mgeni wako akipotea njia humkaangi. Unamrudisha njiani."

Kabla ya magharibi mawifi zangu wote walikuwa na habari ya dagaa, na mpaka leo wakiniona na kikaango huuliza kama nimetoka falajini. Lakini kicheko kile ndicho kilichonifungulia nyumba. Nilikuwa nimekuja nimejikaza, nikisubiri kunyanyaswa kama nilivyoambiwa mama wakwe hunyanyasa, na badala yake nikampata mtu wa kucheka naye. Namshukuru Mungu kwa ule ujinga wangu. Sijui ningeingiaje bila huo.

Baadaye aliniambia kwa nini anawaokota. Alifika hapa kijana mbichi, na Kiarabu alichokijua kilikuwa cha msahafuni, na kwa hicho huwezi kuomba chumvi kwa jirani. Wanawake waliokuwa wakifua falajini walimcheka anavyotamka. Akawa anakwenda kufua wakati hakuna mtu. Anatia miguu majini, na samaki wanakuja kumdonoa vidole, kundi zima. "Hawakuniuliza mie mtoto wa nani wala kwa nini nasema hivi," aliniambia. "Walikuja tu." Hakuweka nadhiri wala nini. Alianza kuwaokota, na kila zamu akawaokota, miaka na miaka.

Mume wangu alipofariki, Mungu amrehemu, binti yetu akiwa masomoni ng'ambo, nilimaliza eda nikaanza kufunga mizigo yangu ya kurudi Nizwa. Sikuwa na haki ya kukaa pale, ndivyo nilivyodhani. Mama mkwe akaingia chumbani, akatazama mabegi, akauliza, "Unakwenda wapi weye, na masufuria yashakuzoea?" Akaanza kufungua mabegi kwa mikono yake. Hakuna siku ninayoikumbuka kwa shukrani zaidi ya hiyo.

Ndipo macho yake yakaanza kuzimika. Daktari wa Ibra akasema ni mishipa ya jicho, na kilichopotea hakirudi. Alilia siku moja, peke yake, mlango umefungwa. Siku ya pili akatoka na kata, akaniwekea mkononi. "Wewe utaokota," akasema, "mie nitakaa pale ukingoni nisikie. Kuona nimeona kwa kunitosha. Nataka niwasikie tu wanarudi majini, mpaka siku yangu ifike. Sitaki kingine." Akawa na kiti chake cha plastiki pale ukingoni, na kila samaki niliyemrudisha, akisikia chubwi, anasema alhamdulillahi.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Mtu aliyekulia Mwanza, mnielewe, hawezi kuishi bila sato. Nilivumilia miaka mingi nikala nguru na jodari wa wavuvi wa Sur, samaki wazuri, sisemi kitu, lakini sato ni sato. Siku moja mtu aliyekuwa akiwafuga upande wa Batina akanipa vifaranga kwenye mfuko wa plastiki. Nikawatia kwenye hodhi letu la shambani, nikawalisha makombo ya mkate, wakakua, nikala na ugali mpaka machozi yakanitoka. Mama mkwe alionja kipande kimoja akakirudisha. Yeye ni wa changu na tasi. "Huyu ana ladha ya ukuta," akasema.

Kisha nikajaliwa kwenda umra. Kabla ya safari hiyo mtu hujisafisha anavyoweza. Niliomba radhi kwa majirani, hata kwa yule niliyemtukana kwa ajili ya mbuzi wake, nikalipa funga zangu zilizobaki. Hodhini walikuwamo sato wachache bado. Friji limejaa, na nikiwaacha nani atawalisha? Nikapata wazo, na wakati ule lilinitoa machozi kwa uzuri wake. Niwaachie huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, iwe sadaka yangu ya safari. Nikawatia ndoo, nikapanda pikapu mpaka kwenye lile dimbwi la juu falaji inakoanzia, nikasoma bismillahi, nikamwaga. Wakazama polepole, wanene, wametulia kama wenye nyumba. Nikarudi nimejaa nuru. Huko Makka niliomba dua nilipwe thawabu za sato. Naona haya hata kuandika.

Mwaka wa kwanza sikuona tofauti. Wa pili, zamu ikipita napata watatu, kisha mmoja. Sato hupenda maji yaliyotulia, kwa hiyo wao walibaki dimbwini, hawakuteremka, na mimi huko juu siendi. Nikasema ni ukame. Nikasema ni saruji mpya waliyoitia mdomoni mwa falaji. Halafu ikaja siku nikazunguka majaruba yote mara mbili, kata kavu. Mama mkwe yuko ukingoni, uso ameuelekeza majini, anangoja.

"Mbona kimya leo?" akauliza.

Karibu na mguu wangu palikuwa na kokwa ya tende. Sikufikiri. Nikaiokota, nikainama, nikaidondosha falajini. Chubwi.

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukapoa.

Baada ya hapo nikawa nakwenda shambani na kokwa mfukoni. Nilijiambia namhurumia mama wa watu, na ilikuwa kweli. Lakini pia nilikuwa nimeshaanza kushuku ni nani aliyewamaliza samaki wake, na mtu anayeshuku jambo kama hilo hupenda kelele ndogo za kulifunika. Mwaka mzima nilidondosha kokwa, na yeye mwaka mzima akashukuru.

Binti yangu ndiye aliyelivunja. Alikuwa amesoma katika nchi za baridi, akafanya kazi huko na watu wanaojaribu kuwarudisha samoni mitoni, na alipomaliza akapata kazi Maskati, akawa anakuja kwetu kila mwisho wa wiki. Kiswahili chake ni cha watoto wa siku hizi, kila kitu "hii", lakini macho anayo. Alifika siku ya zamu. Akakaa karibu na bibi yake, akasikia chubwi ya kwanza, akasikia ya pili, akanitazama mkono. Akachukua wavu, akapanda mpaka dimbwini, na alasiri akarudi na ndoo.

"Mama, hii samaki si ya huku," akasema. "Dimbwi limejaa. Wanakula mayai, wanakula watoto, wanakula hata ule utelezi wa kwenye mawe. Wale wadogo wamekwisha. Nani kawaleta?"

Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni hiyo akaja wakili wa falaji, yule mzee anayesimamia zamu za maji, kunywa kahawa na kuiona ile ndoo. Akatikisa kichwa, akasema anajua kabisa ni kazi ya nani. Ni yule kibarua wa shamba la jirani, maana watu wa kwao wanapenda samaki wa mtoni, na yeye keshokutwa atamwambia mwenye shamba amrudishe kwao. Alisema hivyo anachovya tende kwenye samli. Yule kibarua ana watoto wanne, aliwahi kunionyesha picha zao, na kila nikipita hunibebea gunia bila kuombwa.

Mdomo wangu, ambao huwa haungoji ruhusa, siku hiyo uliganda. Mwisho nikasema kwa Kiarabu, "Ni mimi, ya sheikh. Niliwatia mimi, nilipokwenda umra." Wakili akaacha kutafuna. Kisha nikamgeukia mama mkwe nikasema kwa Kiswahili, maana hilo la pili halikumhusu wakili: "Na mama, samaki hawapo. Mwaka mzima hawapo. Nilikuwa nakudondoshea kokwa."

Mama mkwe alishusha kikombe chake. Akapapasa ukuta, akaenda chumbani kwake.

Siku nne hakusema nami. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia marahaba, kwa sababu hiyo ni haki, lakini zaidi ya hapo kimya. Chakula nilichopika alikula kikipelekwa na binti yangu. Niliona bora angenipiga. Siku ya tano nilikuwa nachambua mchele, nikamsikia mlangoni.

"Nimemshukuru Mungu kwa kokwa," akasema. "Mwaka mzima. Mie, mtu mzima, na meno yangu yaliyobaki."

"Nisamehe, mama."

"Kokwa za tende za khalasi au za fardh?"

Nikashindwa kujua kama nicheke au nilie. Nikamwambia zilikuwa za khalasi. Akakaa kwenye mkeka, akavuta sinia la mchele, akaanza kupapasa mawe kwa vidole. "Angalau ulinitilia zilizo bora," akasema. Akachambua kidogo. "Nimekasirika, na bado nimekasirika. Lakini usinidanganye tena nisiyeona. Kama kimya, niachie kimya changu."

Nikaapa. Na tangu siku hiyo, zamu zikawa kimya. Alikuja vilevile kwenye kiti chake, akakaa na uso wake majini, na mimi nikazunguka na kata kavu, nikarudi nikasema, "Hakuna, mama." Akasema, "Haya." Kwangu ilikuwa adhabu kubwa kuliko zile siku nne.

Binti yangu akatuketisha akatueleza mambo ya samoni. Ni samaki mkubwa, alisema, anazaliwa mtoni, anakwenda baharini miaka, kisha anarudi mto uleule kuzaa. Watu wakaziba mito, wakakata miti ya kivuli, samoni wakapungua. Wakadhani dawa ni kuwazalisha kwenye matangi na kuwamwaga mtoni kwa maelfu. Wakamwaga na kumwaga. Wengi hawakufaa kitu, walikuwa laini, hawaujui mto, na wengine wakawaharibu hata wale wa asili waliobaki. Kilichosaidia zaidi ni mambo ya polepole: kubomoa kilichoziba njia, kuwaachia maji na kivuli, kutoa walioletwa, na kuwalinda wachache wa mto wenyewe mpaka wajijaze tena.

Bibi yake akasikiliza mpaka mwisho. "Anarudi kwao, huyo samoni, na akapajua?"

"Anapajua kwa harufu, bibi."

"Kanishinda," akasema mama mkwe. "Mie walinirudisha kwetu nisikopata kufika." Tukacheka, wote watatu, na ndipo nilipojua kwamba hasira yake imeanza kulegea.

Mimi nilitaka njia ya mkato, sifichi. Nikasema nakwenda Wadi Bani Khalid kesho na ndoo. Mule samaki hawa ni wengi mpaka watalii wanaingiza miguu wadonolewe na kupiga picha. Najaza ndoo, nashusha hapa, kwisha maneno. Samaki ni samaki. Binti yangu akanitazama. "Mama," akasema, "umeshaokoa samaki mara moja, inatosha." Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Nilitaka kukasirika, lakini kwa haki ipi?

Binti yangu akaeleza kwamba wale wa Bani Khalid ni wa maji yale, hata kama kwa macho wanafanana na wetu. Hapa kwetu, juu ya dimbwi, kuna jabali refu ambalo sato hawezi kulipanda, na nyuma yake kuna vidimbwi vidogo vya mvua na chemchemi. Alikuwa amepanda huko akawaona wachache wa kwetu hasa. Hao ndio wa kuwateremsha. Lakini kwanza sato watoke, na sato hawatatoka mpaka dimbwi lishushwe maji hadi magotini, na hilo maana yake falaji ikauke siku mbili.

Hapo ndipo penye moto. Mwambie mtu wa huku akupe mtoto wake utapata nafasi zaidi kuliko kumwambia akupe zamu yake. Wakili akawaita wenye zamu msikitini baada ya alasiri, na sisi wanawake tukakaa upande wa pili wa ukuta tukisikia. Mmoja akasema mitende yake haijui habari za samaki. Mwingine akauliza kwa nini walipe wao kosa la mtu mwingine, na alikuwa na haki. Nikasimama nikasema kwa sauti, kutoka upande wetu, kwamba kosa ni langu, naomba radhi yao, na kama kuna adhabu ipo juu yangu.

Mama mkwe akanivuta nguo nikae. Kisha yeye, bila kusimama, akamwambia wakili kwa kile Kiarabu chake ambacho wanawake walikicheka zamani: siku hizo mbili ziwe wakati wa baridi, mitende inapovumilia, na kila atakayekosa maji siku hizo achukue kwenye zamu zake yeye, mpaka zilipwe zote. Mitende yake itangoja. "Maji haya nilirithi sijayafanyia kazi," alisema. "Na samaki hawa walinipokea kabla yenu."

Yule aliyesema mitende yake haijui habari za samaki ndiye wa kwanza kusema yeye harudishiwi kitu, wamchukulie tu. Mwisho waliochukua zamu za mama mkwe walikuwa wawili, na mmoja wao alituletea sinia la halua kwa haya.

Tulishusha dimbwi mwezi wa baridi. Binti yangu na wanaume wa kijiji wakaingia na nyavu, na yule kibarua wa shamba la jirani, ambaye nilikuwa nimemwendea kumwomba radhi kwa kukaribia kumtia matatani, alivua kuliko wote, maana kweli alikuwa anawajua samaki wa mtoni. Mimi nilipewa kazi yangu bila kuulizwa. Nilikaanga sato siku mbili, kijiji kizima kikala, kwa ndimu na pilipili, kama Mwanza. Mama mkwe alikula kipande akasema ladha ya ukuta ipo vilevile. Akaomba cha pili.

Mbele ya ile saruji mpya mdomoni mwa falaji, iliyokuwa imefanya ngazi ambayo samaki mdogo haipandi, tulipanga mawe kidogokidogo mpaka ikawa mteremko wa kupitika. Mkunazi ulioegemea dimbwi, ambao wakili alitaka ukatwe kwa sababu unaangusha majani, ukaachwa kwa ajili ya kivuli. Mwisho binti yangu akawateremsha wale wachache wa nyuma ya jabali, ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa kibichi. Aliniuliza kama nataka kumwaga mimi. Nikamwambia mkono wangu ushamwaga ya kutosha, na akamwaga yeye.

Halafu hakuna kitu. Hilo ndilo hawakwambii. Unafanya yote, na maji yanapita yale yale. Zamu ikaja, nikazunguka, "Hakuna, mama." "Haya." Baridi ikaisha, joto likaja, tende zikaiva zikavunwa. Mama mkwe akapungua. Akawa haendi tena ukingoni kwa miguu, namshika mkono, kisha namshika kiuno. Siku nyingine nilimwambia apumzike ndani, zamu hii ipite tu. "Na wakirudi nikiwa kitandani?" akaniuliza. Nikamvalisha viatu.

Mwaka wa pili, mvua za baridi zikaja vizuri, wadi ikashusha mafuriko mara moja. Zamu iliyofuata maji yalikuwa na udongo kidogo. Nilifungua, nikaziba, nikaanza mzunguko wangu kwa mazoea, nikifikiria kitu kingine kabisa, sufuria niliyoiacha motoni. Chini ya mtende wa tatu matope yalitikisika.

Alikuwa mmoja. Wa urefu wa nusu kidole, rangi ya mchanga, amenuna. Nilimchota pamoja na maji yake, nikabaki pale chini nimeshika kata kwa mikono miwili. Nilitaka kupiga kelele nikamwite binti yangu, wakili, yule kibarua, kijiji. Sikupiga. Nilikwenda mpaka kwenye kiti, nikapiga magoti mbele yake, nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya mpini.

"Mama, shika wewe."

Alishika. Sijui kama uzito ulimwambia, au ule mtikisiko wa maji ndani ya kifuu alichokijua kwa muda wote huo. Hakuuliza. Aliinama, nikamshika bega asianguke, akashusha kata mpaka ikagusa maji, akaiinamisha mwenyewe. Sauti ilikuwa ndogo sana, ndogo kuliko zile zangu zote za mwaka ule.

Alibaki ameelekeza uso majini. Machozi yalikuwa yanamteremka na hakuyafuta.

"Hiyo si kokwa," akasema.

"Si kokwa, mama."

"Alhamdulillahi." Akanirudishia kata, akanisukuma bega kidogo. "Haya, rudi. Katazame na chini ya ule wa mwisho, karibu na ukuta. Huwa wanakwama pale."

Nilikwenda. Walikuwapo wawili.